Fuga Maji Kwanza, Kamba Watafuata

Kamba wangu thelathini wa kwanza walikufa wote ndani ya siku tisa. Walikuwa wale wadogo wekundu wa maji baridi, wasiozidi urefu wa sentimita tatu, ambao wataalamu huwaita Neocaridina davidi. Aliyeniuzia aliniambia nijaze tangi, nitandaze changarawe, niwashe filta usiku mmoja, kisha kesho yake niwatie. Nikafanya hivyo. Maji yalikuwa maangavu hata ungeweza kusoma gazeti lililosimamishwa nyuma ya kioo. Siku ya tatu kamba walianza kuparamia juu kama wanaotafuta njia ya kutoka. Siku ya tano nikaanza kuokota maiti. Nilibadilisha nusu ya maji kwa hofu, na waliobaki wakafa upesi zaidi.

Nimeandika makala haya kwa sababu kila mwezi hukutana na mtu mwenye kisa kama hicho, na karibu kila mmoja hudhani aliuziwa kamba wagonjwa. Mara nyingi kamba walikuwa wazima. Tangi ndilo lililokuwa bichi. Ukitaka kufuga kamba, kubali kwanza kwamba mfugo wako halisi ni maji, na kwamba maji, kama mfugo wowote, yana umri wake wa kukomaa.

Kinachotokea usichokiona

Kamba hula, hunya, na hutoa amonia kupitia matamvua yake. Mabaki ya chakula na majani yanayooza hutoa amonia pia. Mtoni amonia hiyo huchukuliwa na mkondo na kutawanyika. Ndani ya lita arobaini zilizofungwa kwa kioo haina pa kwenda.

Kinachowaokoa kamba ni bakteria. Kundi la kwanza hula amonia na kutoa nitriti. Kundi la pili hula nitriti na kutoa nitrati. Mwishoni mwa karne ya 19 Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria wanaofanya kazi hii, na mwaka 2015 watafiti wakatangaza kwamba wamo bakteria wa jamii ya Nitrospira wanaoweza kuifanya peke yao mwanzo hadi mwisho. Amonia ni sumu. Nitriti nayo ni sumu, kwani hupenya kwenye matamvua na kuvuruga upumuaji. Nitrati ni nafuu kwa mbali: ikibaki chini ya miligramu 20 kwa lita, kamba wataishi na kuzaana, na mimea itaitumia kama mbolea.

Bakteria hawa hawaelei tu majini. Hujenga makazi kwenye sponji ya filta, kwenye changarawe, kwenye vigogo na kuta za kioo, nao huongezeka polepole. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha, hata kama maji yake yanameta. Kuwalea mpaka watoshe ndiko ninakokuita kukomaza tangi.

Kukomaza tangi hatua kwa hatua

Anza na tangi la lita 30 hadi 60. Tangi dogo zaidi hubadilika haraka mno, na kosa dogo ndani yake huwa kubwa. Weka filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, maana haiwanyonyi watoto wa kamba na sponji yake ni nyumba nzuri ya bakteria. Tandaza changarawe, panda mimea migumu kama ndago za maji au java moss, kisha jaza maji yaliyoondolewa klorini.

Sasa wape bakteria chakula kabla ya kuwepo kamba. Njia ninayoipenda ni amonia kloridi, kwa sababu unajua unachotia. Yeyusha gramu 10 katika lita moja ya maji safi, uandike jina kwenye chupa na kuiweka mbali na watoto. Mililita 25 za maji hayo katika tangi la lita 40 zitakupa amonia ya takriban miligramu 2 kwa lita. Usizidishe, kwani amonia nyingi mno huwadumaza bakteria hao hao unaowalea. Ukiikosa dawa hiyo, kipande cha samaki mbichi asiyetiwa chumvi, kikifungwa kwenye kitambaa safi, kitaoza na kutoa amonia. Kinanuka na hakipimiki vizuri, lakini kinafanya kazi.

Katika wiki ya kwanza utaona amonia imesimama palepale. Usihangaike. Kuanzia wiki ya pili itaanza kushuka, na nitriti itapanda, wakati mwingine kupita kipimo chako. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu nitriti inaweza kukaa juu kwa siku kumi au zaidi. Kila amonia inapofika sifuri, ongeza kipimo kidogo, nusu ya kile cha kwanza, bakteria wasife njaa. Kisha siku moja nitriti itaanguka, mara nyingi ghafla, na nitrati itakuwa imejaa.

Mtihani wa mwisho ni huu: tia amonia ya miligramu 2 kwa lita, subiri saa 24, kisha pima. Amonia sifuri na nitriti sifuri, tangi limekomaa. Chochote kikibaki, endelea kusubiri. Kwa kawaida safari nzima huchukua wiki nne hadi sita. Joto la pwani huiharakisha, na baridi ya nyanda za juu huichelewesha.

Ukiwa na rafiki mwenye tangi zima la miaka, mwombe kipande cha sponji ya filta yake. Kije kikiwa na unyevu, kwenye maji ya tangi lake, na kiingie kwako siku hiyo hiyo. Muulize kwanza kama amewahi kutia dawa ya samaki yenye shaba, maana sponji inaweza kuibeba sumu hiyo mpaka kwako.

Pima, na andika

Macho hayaoni amonia. Nunua vipimo vya matone kwa amonia, nitriti, nitrati, pH, GH na KH. Vya karatasi ni rahisi, lakini mara nyingi havikupi undani unaouhitaji. Chupa ya kipimo cha nitrati itikise kwa nguvu kama maelekezo yasemavyo, la sivyo itakudanganya. Ujue pia kwamba nitriti ikiwa juu, kipimo cha nitrati nacho husoma juu kuliko hali halisi. Usikiamini kabla nitriti haijaisha.

Chukua daftari. Andika tarehe, joto, namba zote, na ulichofanya siku hiyo. Kamba wakifa, daftari ndilo litakalokuambia ni nini kilibadilika juzi. Mimi sikuwa na daftari mara ya kwanza, kwa hiyo vifo vyote thelathini havikunifundisha kitu.

Namba moja ya kukumbuka ni uhusiano wa amonia na pH. Amonia iko majini kwa sura mbili, moja kali na nyingine ya upole, na pH ndiyo inayoamua ipi itawale. Katika joto la nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia katika sura kali. Kwenye pH 8 sehemu hiyo hupita asilimia 5. Kwenye pH 9 hufikia zaidi ya theluthi. Kwa hiyo jirani mwenye maji ya pH 7 anaweza kuponea chupuchupu kwa kiasi kile kile cha amonia kitakachowamaliza kamba wako. Anayefuga Kigoma au Bujumbura kwa maji ya Ziwa Tanganyika, ambayo kwa asili pH yake inakaribia 9, hana nafasi ya kukosea kabisa.

GH, KH na gamba la kamba

Kamba hukua kwa kujivua gamba. Gamba jipya linahitaji kalsiamu, na kipimo cha kalsiamu pamoja na magnesiamu majini ndicho GH. Kwa Neocaridina, lenga digrii 6 hadi 8. GH ikiwa ndogo, gamba jipya huwa laini na kamba hukwama katikati ya kujivua. Utaona pete nyeupe imemzunguka nyuma ya kichwa, naye mara nyingi hafiki kesho. Pete hiyo huonekana pia pale maji yanapobadilishwa mengi kwa mara moja, maana mshtuko wa madini humfanya kamba ajivue kabla ya wakati wake. Hilo ndilo lililowamaliza wale wangu wa mwisho nilipomwaga nusu ya maji.

KH ni kitu kingine, ingawa vipimo vyake vinafanana. Hupima bikaboneti, ambazo ni ngao ya pH. KH ya digrii 3 hadi 6 huifanya pH itulie mahali pake. Tena kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji: bakteria wanaochakata amonia hula ngao hiyo. Kila miligramu 2 za amonia kwa lita zinapochakatwa, KH hupungua kwa takriban theluthi mbili ya digrii. Mwenye maji laini anayekomaza tangi kwa kutia amonia mara kwa mara anaweza kuimaliza KH yote. pH huporomoka, na ikishuka chini ya 6 bakteria karibu husimama kazi. Mtu huyo husema tangi lake limegoma. Halijagoma, limeishiwa KH. Pima, kisha ongeza soda ya kuokea: gramu 1.2 katika lita 40 hupandisha KH kwa digrii moja. Iyeyushe kwanza, na usizidi digrii moja kwa siku. Magadi ya sokoni usiyatie kabisa, hata ukiambiwa ni kitu kimoja. Ni makali zaidi, hupandisha pH kwa kishindo, na yanaweza kuwa na floridi nyingi.

Kipimo cha mwisho ni TDS, jumla ya vitu vilivyoyeyuka, ambacho husomwa kwa kifaa kidogo kama kalamu. Neocaridina hustawi kati ya 150 na 250. Kumbuka kifaa hicho huhesabu tu, hakitofautishi kalsiamu na chumvi ya bahari. Maji ya kisima cha pwani kilichoingiliwa na bahari yanaweza kusoma namba kubwa na bado yakawa hayana manufaa kwa gamba.

Mchagua jembe si mkulima

Nimeona watu wakipigana na maji ya mtaa wao kwa miaka. Hutia tindikali leo, soda kesho, na kamba huishi katika tetemeko lisiloisha. Kamba huvumilia namba isiyo kamili iliyotulia kuliko namba kamili inayoyumba. Yajue maji ya kwenu, kisha uyasogeze kidogo tu.

Zanzibar na sehemu nyingi za mwambao, maji ya visima hupita kwenye mawe ya matumbawe, hivyo huwa magumu. Hapo mvua ni rafiki yako, kwa kuwa maji yake karibu hayana madini. Kisima chenye GH 16 ukikichanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua kitakupa 8. Yakinge baada ya mvua kuosha paa kwa muda, na usikinge kwenye mabati mapya au yaliyoanza kuchunika, kwani zinki huyeyuka na ni sumu kwa kamba. Nairobi, ambako sehemu kubwa ya maji ya bomba hutoka bwawa la Ndakaini chini ya milima ya Aberdare, tatizo hugeuka: maji ni laini, na ni lazima uongeze madini. Unga wa madini uliotengenezwa kwa ajili ya kamba ndio unaopimika vizuri. Kipande cha tumbawe kilichooshwa au mfupa wa dome husaidia polepole, hasa pH ikiwa chini ya 7. Dar es Salaam, ambako maji ya bomba hutoka kwa wingi Mto Ruvu, pima upya masika yanapoingia na mto kubeba tope. Maji ya Januari si ya Aprili.

Maji ya bomba yana klorini. Kuyaacha ndooni saa 24 hadi 48 yakipigwa hewa huiondoa klorini ya kawaida, lakini haiondoi kloramini. Usipojua wanatia ipi, tumia dawa ya kuondoa klorini kila mara. Yale ya tangi la juu ya paa chota alfajiri, kabla jua halijayachemsha. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yaache, hata kama kipimo cha TDS kinayasifu. Yamepita juu ya mabomba ya shaba, na shaba kidogo sana huua kamba.

Kuwakaribisha

Tangi likifaulu mtihani wa saa 24, badilisha maji mengi, hata nusu, ili nitrati ishuke chini ya 20. Hili lifanye sasa, wakati bado hakuna kamba. Kisha subiri tena wiki mbili au tatu. Najua unasikia kama ninakuonea, lakini kamba hawali tu unachowatupia. Siku nzima huparura utando laini wa vijidudu na mwani unaoota juu ya kila kitu, na tangi lililokomaa jana bado halina utando wa kuwatosha.

Hapa pwani tuna hazina ambayo wafugaji wa nchi nyingine hununua kwa fedha: jani la mkungu. Okota majani makavu ya kahawia yaliyoanguka yenyewe, mahali pasipopuliziwa dawa wala kupitwa na moshi wa magari. Yaoshe, yamwagie maji ya moto, tia moja kwa kila lita 20. Maji yatageuka rangi ya chai nyepesi, na baada ya siku chache kamba watajazana juu ya jani mpaka libaki mishipa mitupu.

Anza na kamba kumi. Waweke na maji waliyokuja nayo kwenye bakuli, kisha vuta maji ya tangi kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, tone moja au mawili kwa sekunde, kwa saa mbili. Watoe kwa wavu na uwatie tangini. Maji ya safari yamwage. Siku hiyo usiwape chakula.

Sumu iliyo ndani ya nyumba yako

Dawa ya mbu imeua kamba wengi zaidi kuliko ugonjwa ninaoujua. Dawa za kupuliza na nyingi za kuchoma zina pairethroidi, zilizotengenezwa kuua wadudu, na kamba ni ndugu wa karibu wa wadudu. Pampu ya hewa huivuta dawa kutoka chumbani na kuisukuma moja kwa moja majini. Chumba chenye kamba kisipuliziwe. Ikiwa ni lazima, zima pampu, funika tangi kwa nailoni na taulo, na ufungue madirisha mpaka hewa isafike, ila usiiache pampu imezimwa saa nyingi. Kwa sababu hiyo hiyo usikate chandarua chenye dawa ukatengenezea wavu au kichujio. Mikono yenye mafuta ya kufukuza mbu isiingie tangini. Mchicha wa sokoni, ambao kamba huupenda ukichemshwa kidogo, uoshe sana, na kama una bustani panda wako mwenyewe usiopigwa dawa.

Kila wiki, na umeme unapokatika

Badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, yakiwa na joto na TDS inayokaribia ya tangi, na uyamimine taratibu. Sponji ya filta ikamulie kwenye maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba, kwa kuwa klorini itawaua bakteria uliowalea wiki sita.

Kamba hawa hupenda nyuzi 20 hadi 26. Februari ya Dar hupita hapo. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu, lakini maji hupungua upesi, na yanayopotea ni maji matupu huku madini yakibaki. Kwa hiyo kujazia kwa maji ya bomba kila siku hupandisha GH na TDS bila wewe kujua. Jazia kwa maji ya mvua au yaliyochujwa madini. Joto likikaribia nyuzi 32, usitarajie kuzaana.

Umeme ukikatika, bakteria na kamba hugombania oksijeni iliyopo. Pampu ya betri ni bei ndogo kuliko tangi zima. Ukiikosa, chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara, na usilishe mpaka umeme urudi.

Amonia au nitriti ikionekana baada ya kamba kuingia, acha kulisha, tafuta kilichokufa, na badilisha robo ya maji kwa maji yanayolingana. Rudia kesho. Usirudie kosa langu la kumwaga nusu kwa hofu.

Kamba wakikubali maji yako, jike atabeba mayai ishirini au thelathini chini ya mkia kwa muda wa wiki tatu au nne, na watoto watatoka wakiwa kamba kamili wa milimita mbili. Baada ya miezi michache watakuwa wengi. Usiwamwage mtoni wala mtaroni. Jamii hii ya Asia ya Mashariki imekwisha kujichimbia hadi katika maji ya Ujerumani na Hawaii, na maji yetu yana kamba wake, kama Caridina nilotica wa Ziwa Viktoria ambaye Wajaluo humwita ochong'a. Hao hawahitaji mgeni wa kushindana naye.

Wagawie watu. Lakini anayeniomba kamba mimi humpa kwanza kipande cha sponji kutoka kwenye filta yangu, kikiwa na maji yake ndani ya mfuko, pamoja na daftari tupu. Namwambia akilee, apime, aandike, na arudi na daftari. Siku atakaponionyesha sifuri mbili zilizoandikwa kwa mkono wake, saa 24 baada ya kutia amonia, na wiki za utando zikapita, ndipo nachukua wavu.